Mtunza Ghala na Sabuni ya Gahanga

Muhire alistaafu akiwa na miaka sitini na minne, na mpaka siku hiyo mkono wake haukuwa umeosha hata sahani moja. Si kwamba alikataa. Hakuna aliyewahi kumwambia aoshe. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi huko, mtoto wa kiume peke yake mwenye dada watano, na dada watano hawaachi chombo kichafu. Alipotoka mikononi mwa dada zake akaingia mikononi mwa Mukankusi, binti wa jirani yao huko huko Karagwe, na Mukankusi akaendelea pale wale watano walipoishia.

Waliporudi Rwanda, mwaka tisini na tano, Muhire alipata kazi ya kutunza ghala, na hakuiacha mpaka mwisho. Miaka kumi ya mwisho alikuwa Masoro, kwenye kampuni ya vipuri vya mashine. Kila kitu kilikuwa na rafu yake, kila rafu ilikuwa na namba yake, na ole wake aliyerudisha spana ya kumi na tatu mahali pa kumi na nne. Ukimwomba msumari, walisema wenzake, atakuuliza wa inchi ngapi, wa kazi gani, na ule wa jana umeupeleka wapi. Na katikati ya grisi na vumbi lile alivaa shati jeupe, kila siku iendayo kwa Mungu, jeupe mpaka kwenye kola. Siku ya kumuaga, mkurugenzi alisimama akasema hajapata kuona mtu msafi kama Mzee Muhire. Watu wakapiga makofi. Muhire akainamisha kichwa akazipokea sifa hizo, maana mashati yalikuwa yake. Mukankusi alikuwa ameketi kando yake, naye akapiga makofi pia.

Mwezi wa kwanza nyumbani, pale Kicukiro, alipanga upya kabati la viatu, halafu vitabu, halafu akaingia jikoni. Viungo akavipanga kwa alfabeti.

"Baba Kaliza," mkewe alimwita siku moja, mwiko mkononi na mchuzi ukitokota, "mdalasini uko wapi?"

"Kwenye M."

"Na M iko wapi?"

"Baada ya L," Muhire akajibu kutoka sebuleni, akishangaa mtu mzima kuuliza swali kama hilo.

Mukankusi akaanza kufungua makopo moja moja, akinusa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwimbaji wa kwaya ya kanisani ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikosa mazoezi ya siku za kazi kwa sababu ya nyumba. Wengi walimwona mpole. Waliocheza naye karata walimjua vingine.

Mwezi wa pili ngozi ya Muhire ikaanza kuwasha. Ilianzia shingoni, ikashuka mikononi, na usiku alijikuna kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Wakaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari akauliza ni sabuni gani zinazotumika nyumbani. Muhire akamtazama mkewe.

"Ya kuogea," Mukankusi akaanza, "ya mche ya kufulia, ya unga, ya vyombo, ya sakafu yenye harufu ya maua, ya choo, ya madirisha, ya nywele, na ya maji ya kunawia, ile ya pinki."

"Tisa!" Muhire akasema. Aliona haya mbele ya daktari. Ghala la watu wengine alilitunza miaka yote ile, na nyumbani kwake kulikuwa na vitu tisa vinavyofanya kazi moja.

Daktari akampa dawa ya kupaka, akamshauri aachane na sabuni zenye manukato makali. Jumapili iliyofuata binti yao Kaliza, anayefanya kazi kwenye ofisi ya bima mjini, akaja na chupa ya rangi ya kahawia. Ilikuwa sabuni ya maji ya asili, iliyotengenezwa na kikundi cha akina mama wa Gahanga. Muhire akavaa miwani akasoma lebo yote, mbele na nyuma. Mafuta ya parachichi, mafuta ya nazi, magadi ya kuyageuza mafuta kuwa sabuni, maji. Basi. Chini yake kulikuwa na orodha ya matumizi: mwili, mikono, nywele, ndevu, vyombo, nguo, sakafu, madirisha, matunda, viatu, gari, meno.

"Kitu kimoja," Muhire akasema taratibu. "Kazi kumi na mbili. Mama Kaliza, unajua maana yake?"

"Maana yake nini?"

"Rafu moja!"

Baada ya wiki mbili muwasho ulikwisha. Ile dawa ya daktari aliipaka asubuhi na jioni bila kukosa, lakini dawa ilikuwa na kazi moja tu, kwa hiyo shukrani zote zilikwenda kwa sabuni. Muhire akapanda pikipiki mpaka Gahanga, akamtafuta Illuminée, mkuu wa kile kikundi, akarudi na dumu la lita ishirini la sabuni nzito, akiwa amelikumbatia kati yake na dereva kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Jioni hiyo hiyo alizikusanya zile sabuni tisa akazifungia kwenye boksi.

"Hata ya choo?" Mukankusi akauliza.

"Hata ya choo. Zimestaafu."

Kisha akaanza kupima matumizi yote kumi na mbili, moja baada ya jingine, akiweka alama ya vyema kwenye daftari. Mwili, sawa. Ndevu, sawa. Nywele zilikakamaa kidogo, lakini alikuwa na nywele chache. Siku ya meno Mukankusi alimkuta kwenye sinki, mdomo umejaa povu, macho yamejaa machozi.

"Vipi?" akamuuliza.

Muhire akatema, akasukutua mara tatu, akashika ukingo wa sinki.

"Safi," akasema, na hakusema uongo.

Kwenye madirisha alitaka kuongeza maarifa yake mwenyewe. Akakamulia malimau manne kwenye ndoo ili vioo vipate kung'aa. Maji yakaganda vipande vipande vyeupe kama maziwa yaliyochacha, na vioo vikapata ukungu wa mafuta ambao hata jua la saa saba halikuupenya. Ikabidi ampigie Illuminée simu.

"Limau na siki havichanganywi nayo, Mzee," Illuminée akamwambia. "Ukiitia kitu kikali inavunjika. Inarudi kuwa mafuta."

Muhire akaishukuru elimu hiyo. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia nyumba ile aliambiwa, kabla hata hajaketi, kwamba sabuni ya asili na limau havipatani, kwa sauti ya mtu aliyeligundua jambo hilo mwenyewe baada ya utafiti mrefu.

Aliyepata taabu zaidi ni Twizeyimana. Huyu alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, aliyekuja kila siku kufua na kusafisha, na alikuwa amefanya hivyo miaka sita bila mtu kusimama nyuma yake. Sasa Muhire alisimama nyuma yake na kijiko. Kijiko kimoja kwa lita moja kwa vyombo. Viwili kwa ndoo ya sakafu. Vitatu kwa nguo, lakini si nguo zote. Twizeyimana akimimina kwa jicho, alisikia mzee anakohoa. Akivumilia kikohozi, alisikia hotuba. Alistahimili wiki tatu, kisha akaaga. Alikuwa amepata nafasi kwenye kiwanda cha nguo huko Masoro, ambako, alivyosema, msimamizi anapiga kelele asubuhi tu.

"Usijali," Mukankusi akamwambia mumewe. "Tutatafuta mwingine. Shida ni moja tu."

"Ipi?"

"Hivyo vipimo vyako. Nani atavifuata kama unavyotaka? Mimi mwenyewe nakosea."

Alisema kweli. Tangu dumu lilipoingia nyumbani, Mukankusi, ambaye aliweza kutia chumvi kwenye sufuria ya harusi bila kuonja, alikuwa anakosea vipimo vya sabuni kila siku. Mara nyingi mno, mara kidogo mno. Muhire alimsikitikia.

Rafiki yake Léonce, dereva mstaafu aliyelelewa Bujumbura, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, akamletea Pudentienne, mama wa makamo waliyejuana tangu Burundi, mchapakazi, mtu wa kanisa. Muhire akamkaribisha jikoni. Usiku uliopita Kaliza alikuwa amekuja na wanawe, na kwenye karo kulikuwa na mlima: sahani, vikombe, bakuli za isombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na sufuria ya maharage iliyoungua mpaka chini.

"Nitakuonyesha mara moja tu," Muhire akasema. "Keti."

Pudentienne akaketi kwenye kigoda, mkoba wake mapajani. Muhire akakunja mikono ya shati. Akapima kijiko, akapima maji, akakoroga.

"Povu liko wapi, Muzehe?" Pudentienne akauliza.

"Povu si kazi. Povu ni maneno. Angalia."

Akaanza na glasi, akieleza kwa nini glasi hutangulia. Akaendelea na vikombe. Kwenye sahani akaeleza tofauti ya mafuta ya kupikia na mafuta ya nyama. Pudentienne aliitikia "Yego, Muzehe" kila mahali palipofaa, na mara moja aliinuka kumwonyesha uma uliobaki na mbegu ya nyanya. Muhire akaurudia. Alipofika kwenye sufuria iliyoungua alikuwa ametokwa na jasho, na hotuba ilikuwa imepungua. Akasugua. Akaloweka kwa maji ya moto, akasugua tena. Ilimchukua karibu nusu saa, na chini ya sufuria ilipotokea, imeng'aa, alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu siku alipomaliza kuhesabu ghala zima la Masoro bila kukosa hata nati moja.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, Muzehe." Pudentienne akainuka, akapangusa sketi yake. "Ila mimi naona hapa hamuna kazi. Iko mtu tayari."

Mukankusi akamsindikiza mpaka getini. Muhire aliwaona kupitia lile dirisha lenye ukungu, wanawake wawili wamesimama, wanaongea, halafu wanacheka mpaka mmoja akashika nguzo ya geti. Akajua kwamba yule mama alikuwa amevutiwa.

Wengine wawili waliokuja baadaye hakuwaona kabisa. Mukankusi alimwambia hawakufaa.

Basi Muhire akashika usafi wa nyumba, kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Aliuandikia ratiba. Asubuhi vyombo, baada ya vyombo sakafu, Jumatatu nguo nyeupe, Jumatano nguo za rangi, Alhamisi mashuka. Mukankusi akarudi kwenye mazoezi ya kwaya ya Jumanne. Baadaye yakaongezeka ya Ijumaa.

Jumatatu ya kwanza alifua mashati yake meupe. Aliyaloweka kwa vipimo sahihi, akayazungusha kwenye beseni, akasuuza, akaanika. Yalipokauka, kila kola ilikuwa na mstari wa kijivu. Akayarudia. Mstari ukabaki. Akampigia Illuminée simu kwa uchungu, kama mtu aliyesalitiwa.

"Umefikicha?" Illuminée akauliza.

"Nimeloweka. Saa mbili kamili."

"Sabuni haina mikono, Mzee. Fikicha."

Akafikicha. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, beseni kati ya magoti, akashika kola kwa vidole vyote na kuisuguanisha kitambaa kwa kitambaa, kama alivyokuwa amewaona wanawake wakifanya maisha yake yote bila kuwatazama. Mstari ulikuwa unaondoka, lakini polepole, uzi kwa uzi. Kwenye shati la pili vifundo vya vidole vikaanza kuuma. Kwenye la tatu mgongo. Shati la nne alilimaliza akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa amejaribu kukaa akashindwa.

Mukankusi alikuwa barazani na daftari la nyimbo, akifuatisha sauti yake kwa kidole.

"Mama Kaliza."

"Abee."

"Hizi kola. Ndivyo ulivyokuwa unazifanya?"

"Eeh."

"Zote?"

"Moja kila jioni, ukishalala. Zikikusanyika tano zilinishinda. Twizeyimana alifua nguo nyingine zote, lakini kola zako hakuziweza."

Muhire akaitazama kola iliyokuwa mkononi mwake. Akili yake ya mtunza ghala ilianza hesabu yenyewe: siku za kazi kwa wiki, wiki kwa mwaka, miaka. Akaikatiza katikati, maana namba ilikuwa inakua vibaya. Kulikuwa na neno la kusema, alijua lipo, fupi tu, na mkewe alikuwa ameinua macho kutoka kwenye daftari akimngoja.

"Ulikuwa na sabuni mbaya," akasema.

Mukankusi alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Labda," akasema mwishowe. "Labda ilikuwa sabuni."

Akarudi kwenye nyimbo zake. Jioni ile alimchua mgongo kwa mafuta ya moto, na wala hakuombwa.

Léonce alipokuja kutembea wiki iliyofuata alimkuta Muhire amekunja suruali mpaka magotini, anasukuma maji kwenye veranda kwa mpira wa kupigia deki.

"Weye Muhire! Bibi iko mugonjwa?"

"Yuko kwaya."

"Na mutu wa kazi?"

"Hatujapata anayefaa."

Léonce alicheka mpaka akakohoa. "Eh, bon! Miaka yote Masoro, umefungua masanduku ya Wachina na ya Wajerumani, leo unafungwa na dumu ya sabuni!" Lakini Muhire hakumwachia. Alimketisha, akamwonyesha sakafu ya sementi nyekundu, akamwambia aishike aone kama inanata. Haikunata. Akamwonyesha ile sufuria. Léonce aliondoka bado anacheka, na akaenda kumsimulia mkewe kama kichekesho. Mkewe hakucheka. Aliuliza maswali mawili matatu, akavaa kitenge, akaenda kwa Natacha.

Natacha alikuwa kiongozi wa isibo yao, yaani zile nyumba chache za jirani zinazokutana pamoja. Mwanamke mkakamavu, mwenye filimbi shingoni. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya watu kuzibua mifereji na kukusanyika kivulini kwa mkutano, alisimama akatangaza kwamba isibo imebahatika kuwa na mtaalamu wa usafi wa asili, na kwamba Mzee Muhire amekubali kufundisha.

Muhire hakuwa amekubali, kwa sababu hakuwa ameulizwa. Lakini neno "mtaalamu" lilimwingia vizuri.

"Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi," Natacha akasema. "Wanaume wote. Kila mmoja na beseni lake."

"Na wanawake?" akauliza mmoja wa wanaume.

"Wanawake wanajua tayari."

Walikuja wanaume kumi na saba. Wengine walificha beseni ndani ya koti wakiwa njiani. Muhire aliwapanga mistari miwili uani kwake, akawafundisha vipimo, akawaonya juu ya limau, akawafundisha kufikicha kola kwa vidole vyote, na mtu aliposema sabuni haifanyi kazi alimjibu kwamba sabuni haina mikono. Wanawake walikuwa barazani na Mukankusi, wanakunywa chai ya maziwa. Waliwatazama kama watu wanaotazama mvua iliyochelewa sana.

Kwa majuma kadhaa mtaa ule ulikuwa na mazungumzo mapya. Wanaume waliokuwa wakibishana juu ya mpira walibishana juu ya kijiko kimoja na kijiko na nusu. Wengi walichoka kabla mwezi haujaisha na kurudia raha zao. Wengine wanne waliendelea. Léonce alibaki na sakafu, kwa sababu aligundua kwamba mtu anayepiga deki haulizwi kitu, na anaweza kusikiliza redio yake mpaka mwisho.

Muhire alipokwenda Gahanga kujaza dumu, alimkuta Illuminée uani anafua. Kando ya beseni lake kulikuwa na pakiti ya sabuni ya unga, ya buluu, ya dukani.

"Na hii?" Muhire akauliza, akiielekezea kidole.

"Ile nyingine ni ya kuuza, Mzee," Illuminée akasema bila haya, na akaendelea kufua.

Njiani kurudi aliwaza sana. Mwishowe aliamua kwamba muumini haachi dini kwa sababu ya padri, na kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu.

Mwezi wa tatu tangu ashike usafi wa nyumba, baridi ya asubuhi iliingia mikononi mwake. Vidole vilipasuka kwenye vifundo. Sabuni ilikuwa laini, lakini maji hayakuwa laini, na kuwa ndani ya maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri ni kazi yenyewe. Mukankusi aliviona vidole hivyo alipokuwa anampa chai, na yake mwenyewe ikamshinda kunywa. Aliweka kikombe chini.

"Baba Kaliza, nina neno la kukuambia."

"Sema."

"Mimi ndiye niliyemwambia Twizeyimana habari za kile kiwanda. Nilimsikia mtu kanisani anasema wanatafuta watu."

Muhire akanywa chai.

"Na Pudentienne nilimwambia asirudi. Na wale wawili nilioongea nao getini walikuwa wazuri, hata yule wa pili alikuwa anajua kupiga pasi. Niliwafukuza. Na vipimo..." Akasita. "Vipimo ninavijua. Nilikuwa nakosea makusudi."

Alimwambia yote, bila kupamba. Kwamba alitaka mwezi mmoja tu wa kupumzika, apate kuimba, halafu mwezi ukawa mtamu. Kwamba sasa mikono yake inampa huruma. Kwamba kesho angemtafuta Pudentienne.

Muhire alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. Alikuwa amewaona watu wa namna hii ghalani. Mtu anatamani funguo za rafu, anaona haya kuomba, basi anatunga hadithi ndefu yenye majina ya watu na siku, alimradi tu umwachie aingie. Maskini Mukankusi. Kumbe alikuwa anaona wivu. Nyumba nzima inamsifu mumewe, mtaa unamwita mtaalamu, na yeye ameketi barazani na daftari.

"Mama Kaliza," akamwambia kwa upole mkubwa, "mtu akitaka kitu aombe."

"Kuomba nini?"

"Huhitaji kutunga mambo. Ungesema tu kwamba unataka kufua."

Mukankusi akaangalia vidole vya mumewe, akaangalia uso wake uliojaa usamehevu, na kama kulikuwa na kicheko aliking'ata.

"Ni kweli," akasema. "Natamani kufua."

"Nitakupa Alhamisi. Mashuka. Tuone kwanza utaendaje."

"Asante, Baba Kaliza."

"Vijiko vitatu. Si kwa jicho."

Alhamisi ikafika, na Mukankusi akashika beseni uani huku mumewe amesimama nyuma yake na kijiko. Muhire alianza kueleza namna ya kuloweka. Kabla hajafika kwenye kusuuza, shuka la kwanza lilikuwa limefuliwa, limesuuzwa mara mbili, na liko begani kwa mkewe. Hakukuwa na mahali pa kutia kikohozi.

"Si vibaya," akakubali.

Shuka la pili lilikuwa lile la kitanda kikubwa, zito, na mtu mmoja hawezi kulikamua. Muhire akaweka kijiko juu ya ukuta akashika ncha moja. Mukankusi akashika nyingine, akarudi nyuma mpaka likanyooka kati yao.

"Zungusha kulia," Muhire akasema.

"Kulia kwangu au kwako?"

Swali hilo lilimsimamisha. Alitazama mkono wake, akautazama wa mkewe ulioelekea kwake, akajaribu kuzipanga kulia mbili hizo kichwani. Maji yalikuwa yanawadondokea wote wawili miguuni.

"Zungusha tu," akasema.